Fundi wa Pedi

Machalii wa Ngaramtoni wana ubishi usiokwisha: FIFA imeisha utamu au haijaisha? Wanaiita FIFA hadi leo, ingawa EA Sports waliachana na shirikisho la soka duniani na mwaka 2023 gemu likaanza kuitwa EA Sports FC. Jina lililozoeleka tangu 1993 halifutiki kwa kubandika nembo mpya. Wanaosema utamu umeisha wana hoja zao: kila mwaka gemu lilelile na jezi nyingine, kadi za wachezaji zinazotaka hela halisi, mafaili mazito yanayomeza bando la mwezi mzima. Wanaosema haujaisha hujibu kwa kumpiga mkono yule aliyelalamika, kisha wanamwambia apishe kiti.

Ubishi huo niliupeleka kwa mtu asiye na upande. Ana kibanda kwenye njia ya kupanda Olmotonyi, anatengeneza redio, pasi, na zaidi ya vyote pedi za gemu. Huko juu kuna Chuo cha Misitu, kilichoanza mwaka 1937, ambako vijana wanafundishwa kutunza miti ya paina na saiprasi ambayo anayeipanda hana haraka ya kuivuna. Jioni baadhi yao hushuka kucheza gemu linalovunwa kila mwaka, liwe limekomaa au bichi.

Pedi ikifika mezani, fundi huyu haulizi banda lako la gemu linacheza nini. Anaigeuza, anaibonyeza, anajua. R1 ikiwa imelegea na mraba umepauka, hilo ni banda la PES, gemu jingine la soka: R1 ndiyo mbio, mraba ndiyo shuti. Ikiwa R2 ndiyo inayumba na duara limechoka, hao ni watu wa FIFA. Vitufe vyote vikiwa vizima ila kijiti cha kushoto kimevunjika, banda ni la watoto, wanaokisukuma utadhani nguvu za dole gumba zinaongeza mbio. Nikamuuliza sasa ushahidi unasemaje. "Pedi haina timu, kaka. FIFA wanaileta, na PES ya zamani wanaileta vilevile." Ya zamani maana yake ya PS2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na ambayo gemu zake za mwisho zilitoka 2013.

Siku hiyo mbele yake kulikuwa na pedi ya PS2 ambayo X ilikuwa inajibonyeza yenyewe. Ukicheza nayo, pasi inatoka kabla hujaamua umpe nani. Mwenye banda alikuwa ameshaambiwa kwingine anunue mpya. Ndani ya pedi hizo, chini ya mpira wa vitufe, kuna utepe wa plastiki laini wenye mistari inayopitisha umeme. Mkia wa utepe huo haujachomelewa kwenye bodi. Umekandamizwa tu kwa kipande cha sponji. Miaka ikipita sponji inasinyaa, mkia unalegea, vitufe vinapata wazimu. Asiyejua atabadilisha mpira, atabadilisha vitufe, mwisho atailaumu bodi.

Fundi alipangusa mkia kwa pamba yenye spiriti, akasubiri ukauke, akakunja selotepu na kuipachika nyuma ya sponji. Akafunga skrubu mbili tu, akachomeka, akajaribu. Bado. Akafungua, akaongeza mkunjo mmoja. Mkunjo ukizidi, ganda linavimba na skrubu hazikai. Ukipungua, mteja anarudi kesho kutwa na maneno. Unene wenyewe anaupima kwa kidole, macho yakiwa pembeni, anaongea na muuza mbao wa jirani habari za bei ya mbao. X ikatulia. Hata hakusema imepona. Alichukua pedi nyingine.

Ukitaka kujua kwa nini uangalifu huo una thamani, tazama gemu lenyewe lilivyosukwa. Winning Eleven ya Konami, iliyoanza 1995 na kuja kujulikana nje ya Japani kama Pro Evolution Soccer, yaani PES, iliujali sana uzito. Mchezaji aliye mbioni hageuki ghafla. Anamaliza hatua kwanza. Mpira haukugandi mguuni. Mraba ukiukandamiza kidogo zaidi, umepaisha. Katika PES 6 ya mwaka 2006 Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red, kwa kuwa leseni hazikuwepo, na mabandani nani alijali? Adriano wa Inter alikuwa na mguu wa kushoto ambao makipa waliusikia tu. Mshambuliaji wetu Samatta hayumo humo. Mwaka ule alikuwa na miaka 13, na hata Aston Villa alikuja kutua Januari 2020. Hata hivyo, bado diski ya PES 6 inazunguka. Ila uzito wote huo uliobuniwa Japani unafika kwako kupitia plastiki ya mkononi, na plastiki ikidanganya hata kidogo, kilichobaki ni picha za watu wanaokimbia. Ndiyo maana naona anayesema gemu limechuja angeanza kwa kukagua pedi yake.

Siwatetei wenye viwanda. Konami wenyewe waliiua PES mwaka 2021, wakaleta eFootball ya bure iliyotoka mbichi kiasi cha nyuso za wachezaji kupinda, hadi wakaomba radhi. Hapo hakuna selotepu ya kusaidia.

Mashine mpya nazo hazijamfuta kazi fundi. Februari 2021, miezi michache tu baada ya PS5 kutoka, wateja Marekani waliipeleka Sony mahakamani wakidai vijiti vya pedi zake vinajiendea vyenyewe. Ndani ya kijiti kuna kidole kidogo cha chuma kinachosugua njia ya kaboni. Njia ikilika, mchezaji wako anakwenda kushoto hata ukiwa umeshika chai. Kasoro hiyo inazikumba pedi nyingi, za bei rahisi na za ghali. Dawa ni kukichomoa kijiti kwenye solda, miguu yake yote, bila kuunguza bodi, na kuweka kizima kilichotolewa kwenye pedi mfu. Pedi mfu anazo ndoo nzima, na kwa kuzigusa tu anajua ipi bado ina kitu cha kutoa.

Anachokiangalia kwa jicho la wasiwasi ni simu. eFootball sasa iko kwenye simu, huhitaji banda wala zamu wala mia tano ya mechi. Mimi gemu la kwenye kioo limenishinda. Dole gumba linafunika njia ya pasi, na nikifungwa hakuna wa kumpisha kiti. Lakini vijana ndiko wanakoelekea, na mwenye banda mmoja hapo Ngaramtoni ameshaanza kuwakodishia pedi zisizo na waya za kuunga na simu. Mbili zimeshafika kwa fundi, zote R1.