Gari la Safari Halichuchumai

Boksi lilifika Haydom kwa basi, limefichwa ndani ya kiroba cha mchele, na mpaka linaingia kwetu Masieda lilikuwa limeshageuka rangi kwa vumbi. Ndani mlikuwa na modeli ya Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11, kwa kipimo cha 1:18: gari lililoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Nilikuwa nimeisubiri kwa miezi. Nikaiweka mezani, nikafungua mlango, nikafunga, nikaridhika.

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na moja na karakana yake ya magari ya waya nyuma ya zizi, aliinama mpaka macho yakalingana na uso wa meza. Akatazama kwa muda. Kisha akauliza, "Mjomba, mbona limechuchumaa?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aende akafunge ndama. Lakini swali lake lilinirudisha mwanzo kabisa, nikaichambua modeli ile upya kwa rula ya chuma, tochi ya simu na fila geji, yale mabamba membamba ya kupimia nafasi, niliyobaki nayo tangu nilipokuwa gereji Arusha. Jina la kiwanda nitaliacha kwenye boksi lake. Ninachotaka kuonyesha ni namna gari kama hili linavyotengenezwa, na namna mtu mzima anavyoweza kudanganyika pale ambapo mtoto hadanganyiki.

Wanunuzi wengi huanza na uzito. Wanalipima kiganjani, likiwa zito wanasema ni zuri. Uzito hauthibitishi chochote. Bamba nene la chuma chini ya gari linatosha kulifanya lijae mkononi hata kama bodi imekosewa kuanzia pua hadi mkia. Baada ya uzito hufuata mng'ao, na baada ya mng'ao hesabu ya vitu vinavyofunguka. Mimi pia nilianza hivyo, kwa hiyo simcheki mtu.

Pa kuanzia ni umbo, na umbo hupimwa. Kwenye 240Z halisi, kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma ni milimita 2,305. Gawanya kwa 18, unapata 128. Rula yangu ilisoma 128. Upana wa gari ni milimita 1,630, ambao kwenye kipimo hiki unakuwa 90 na nusu, na modeli ilikuwa hapo hapo. Rimu ya inchi 14 inapaswa kuwa karibu milimita 20, na ilikuwa 20. Hapa kiwanda hakikubahatisha. Ukitaka kununua modeli yoyote, tafuta kwanza umbali huo wa magurudumu wa gari lenyewe, maana ndiyo namba ambayo kiwanda kivivu huipindisha: kinachukua chasi iliyopo ya gari lingine na kuivika bodi mpya.

Sasa chuma chenyewe. Modeli hizi hazifuliwi wala hazipigwi kama bati. Humiminwa kwa kusukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma cha pua ngumu, na kinachomiminwa ni mchanganyiko uitwao zamak, jina lililotokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesiamu na shaba. Sehemu kubwa ni zinki, na aluminiamu ni kama asilimia 4. Huyeyuka chini ya nyuzijoto 400, ndiyo maana kalibu moja inavumilia kazi ya miaka. Mchanganyiko huu ulianza mwaka 1929 Marekani, katika kampuni ya New Jersey Zinc, na siri yake ni usafi wa zinki. Risasi ikiingia hata kidogo, chuma huanza kuoza kutokea ndani: kinavimba, kinapasuka nyufa kama tope la bwawa lililokauka, mwisho kinamomonyoka. Wakusanyaji wa midoli ya miaka ya 1930 wanaujua ugonjwa huu vizuri. Hauna dawa. Unapokagua modeli ya zamani, mulika tochi kwenye nguzo za kioo na pembe za bampa, kwa sababu nyufa huonekana hapo mapema.

Kuna jambo la kalibu ambalo kila mtu wa huku aliyewahi kufyatua tofali atalielewa bila kufundishwa. Kalibu ya tofali ikiwa imebana mdomoni, tofali halitoki, au linatoka likiwa limevunjika pembe. Kwa hiyo kuta za kalibu huachwa zilale kidogo tu. Modeli ya kumimina ina sheria hiyo hiyo: kila uso unaofuata njia ya kutokea lazima ulale nyuzi moja au mbili, na tundu lolote linaloingia kwa upande ni taabu. Tena chuma kilichoyeyuka hakikubali kupita mahali pembamba sana. Bati la gari halisi halifiki milimita moja, lakini ukuta wa modeli ukiwa na milimita moja tu, kwa gari halisi hiyo ni milimita 18, unene wa ubao. Ndiyo maana kingo za juu ya magurudumu huwa nene. Kiwanda makini husaga kingo hizo kwa ndani, upande usioonekana, ili ukitazama kwa nje uone ncha nyembamba. Pitisha kucha ndani ya tao la gurudumu. Kwangu kucha ilihisi mteremko: walisaga. Wengine wameukimbia ugumu huu wakahamia resini, ambayo inakubali kuwa nyembamba, lakini mara nyingi modeli za resini hazifunguki popote.

Nafasi za milango nilizipima kwa fila geji. Bamba la milimita 0.40 liliingia, la 0.45 likakataa. Zidisha kwa 18, unapata milimita 7 na ushei. Gari halisi la wakati ule lilikuwa na milimita nne au tano likiwa jipya, kwa hiyo hii ni kazi nzuri sana. Nimewahi kushika modeli ambayo nafasi ya mlango ilikuwa milimita nzima; kwenye gari la kweli hapo kidole kinaingia na kuku anachungulia. Zaidi ya upana, angalia kama nafasi ni sawa juu na chini. Ikipanuka kuelekea chini, bawaba imekaa vibaya, na hilo halirekebishiki.

Boneti ilinifurahisha. Kwenye 240Z bawaba za boneti ziko mbele, upande wa pua, kwa hiyo inainukia upande wa kioo na kulalia mbele. Ipo midoli inayoifungua kinyume, kama Corolla. Hii ilifunguka inavyotakiwa, na chini yake ilikuwapo injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ile ya sentimita za ujazo 2,393. Nilihesabu nyaya za plagi: sita. Ndani ya kabini sitakaa sana. Viti, usukani na mikanda vilikuwa safi.

Rangi ndiyo kazi yangu ya zamani, kwa hiyo mnivumilie. Kwenye gari jipya, undakoti, rangi na vanishi kwa pamoja hufika takriban sehemu ya kumi ya milimita. Mpulizaji wa kiwandani akiweka unene huo huo kwenye modeli ya 1:18, amelivika gari koti la karibu milimita mbili. Kila mkunjo unajaa, kila mstari unakuwa butu, gari linafanana na pipi iliyomumunywa. Kwa hiyo usitazame mng'ao katikati ya paa, hapo kila rangi inang'aa. Tazama ukingo wa mlango na mistari ya boneti. Ukiona mstari umekatika kama kisu kimepita, rangi ni nyembamba na aliyepuliza anajua kazi. Kisha egemeza modeli karibu na dirisha usome kivuli cha fremu ya dirisha kwenye ubavu wake. Kivuli kikinyooka, uso umenyooka. Kikitetemeka, kuna vinundu kama ganda la chungwa. Changu kilinyooka. Boneti nyeusi nayo ilikuwa imefifia bila mng'ao, jinsi inavyopaswa, kwani weusi ule unazuia jua lisimrudie dereva machoni. Namba 11 zilikuwa zimegongwa kwa wino, hazina ukingo wa stika ya maji, na hakuna iliyopinda.

Taa za mbele za 240Z zimezama ndani ya vikombe virefu, na hapo modeli nyingi huumbuka. Kioo cha taa kikishikiliwa na kijiti katikati, taa inakuwa na mboni na gari linakutumbulia macho. Hapa hapakuwa na kijiti. Hadi kufikia hatua hii, karatasi yangu haikuwa na kosa hata moja la kuandika.

Kwa hiyo yule mtoto aliona nini?

Wanaotengeneza magari ya waya hawana rangi ya kufichia kosa. Gari la waya ni mistari mitupu na magurudumu ya ndala au vifuniko, na kinachotofautisha basi, lori na Land Cruiser ni jinsi bodi inavyosimama juu ya magurudumu. Mtengenezaji anakosea hapo mara moja, wenzake wanamcheka wiki nzima. Mpwa wangu hakusoma namba wala rangi. Alisoma mkao. Nami nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa nafasi kati ya tairi na tao lake.

Nikapima. Haikufika milimita moja. Kwa gari halisi ni chini ya milimita 18, nafasi ambayo vidole viwili havipiti. Tairi lenyewe lilikuwa na kipenyo cha milimita 35. Gari la namna hiyo likipiga shimo moja tu la njia ya kwetu, tairi linaparuza bodi. Na Safari haikuwa mashindano ya lami. Yalianza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa mvua za masika, na mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba. Huku kwetu, njia ya Mbulu na mlima wa Magara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa. Gari lililomaliza mbele ya wote mwaka 1971, na kuitangulia 240Z nyingine ya Shekhar Mehta iliyokuwa ya pili, lilimaliza kwa sababu springi zake zililiinua na gurudumu likapata pa kupanda na kushuka. Tazama picha zozote za mashindano yale. Magari yamesimama kama mbuni.

Jibu la namna ilivyofanyika nililipata nilipoigeuza modeli tumbo juu. Bomba la moshi la gari la mtaani, limenyooka, halina hata alama ya kuparuzwa. Chini ya injini hakuna bamba la kinga. Kiwanda kilikuwa na kalibu ya 240Z ya kawaida, ya mtu anayekwenda kazini Tokyo au Los Angeles, na kalibu ndiyo gharama kubwa kuliko vyote. Kikabadilisha rangi, kikaongeza taa za mbele na namba, kikaandika Safari kwenye boksi. Kila kilichoonekana juu kikafanywa kwa ustadi wa hali ya juu, na chini pakaachwa palivyokuwa. Hili si kosa la uzembe. Ni uamuzi wa mhasibu, na wanunuzi tumeukubali kwa sababu tunapiga picha za modeli zetu kutoka juu.

Skrubu nne zinashikilia bodi. Nilizifungua nikijua kwamba mkusanyaji yeyote atakayeiona baadaye ataishusha bei, maana modeli iliyofunguliwa si mpya tena. Ndani, kila gurudumu lilikuwa limekalia springi ndogo. Mpwa wangu alikuja na springi nne za kalamu za kubonyeza, akazikata kwa koleo, akajaribu, akakata tena. Tulipofunga, bodi ilikuwa imeinuka milimita 3, ambazo kwa gari halisi ni karibu sentimita 5 na nusu. Mbele ilitaka kuinuka zaidi ya nyuma, akairekebisha kwa kuongeza mzunguko mmoja nyuma.

Hukumu yangu ya karatasi ni hii: umbo na bodi, daraja la kwanza; rangi, daraja la kwanza na ningemwajiri aliyepuliza; mkao, umefeli. Kama unanunua 240Z ya barabarani kutoka kalibu hiyo, nunua bila wasiwasi. Kama unanunua ya Safari, omba picha ya ubavu iliyopigwa usawa wa meza kabla hujatuma pesa.

Na kwa msomaji wa Mbulu, Babati au Katesh ambaye baba au babu yake alisimama kando ya barabara na kamera miaka ile: nahitaji picha moja tu ya 240Z ikiwa imepigwa ubavuni, tairi lote likionekana. Kipenyo cha tairi ndiyo rula yangu. Kutoka hapo nitajua milimita 3 zilitosha au la.