Sifa za Mkono Unaonyoosha Seli

Ufundi ninaousifu hapa hauna nyundo wala patasi. Fundi wake huketi mbele ya hadubini, akashika seli moja ya moyo wa samaki, akaivuta ncha zote mbili, na seli isife.

Kwanza moyo huoshwa kwa vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, ule utando unaozishikanisha seli. Vikizidi vinaziua; vikipungua hazibanduki. Seli nzima ni ndefu, nyembamba, yenye mistari iliyokingama waziwazi. Iliyoumia hujikunyata ikawa donge, na hiyo haifai kwa lolote. Mzoefu huzibagua kwa jicho tu. Kisha huteremsha nyuzi mbili za kaboni, nyembamba kuliko unywele, akazigusisha kwenye seli mpaka zinate. Seli ikijikaza huupinda uzi kama samaki anavyoupinda ufito wa mvuvi, na kwa kuwa ugumu wa uzi umepimwa kabla, mpindo husomeka kuwa nguvu.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyowawezesha Holly Shiels na wenzake, nchini Uingereza, kuchapisha mwaka 2006 habari za moyo wa samaki aitwaye trauti. Kwamba moyo ukijaa zaidi husukuma kwa nguvu zaidi, Otto Frank alikwisha kuliona kwa chura tangu 1895, na Ernest Starling akalikazia baadaye. Ila samaki amepindukia. Sisi tukikimbia, mapigo ya moyo ndiyo yanayokwenda mbio. Trauti akiogelea kwa bidii, mapigo huongezeka kidogo, lakini damu inayotoka kwa kila pigo huongezeka mno. Moyo wake hauna budi kutanuka sana, na msuli uliovutwa kupita kiasi kwa kawaida hupungukiwa na nguvu.

Seli za trauti hazikupungukiwa. Zilivutwa kupita urefu uliozoeleka kwa seli za mamalia, nazo zikazidi kukaza. Kalisi, ile inayouamsha msuli ukaze, haikuongezeka ndani yake. Nyuzi za msuli zenyewe ndizo zilizokuwa nyepesi zaidi kuiitikia. Tena, seli hizo zikiwa zimepumzika, hazikubishana sana na mvuto.

Moyo mzima usingeyafichua hayo, kwa kuwa humo seli huvutana kila upande na kolajeni nayo hushikilia. Kwa hiyo, msomaji, ukipata ripoti ya utafiti kama huu, usikimbilie matokeo. Anza na sehemu ya mbinu, ile ya maandishi madogo ambayo wengi huiruka.