Wema Usio na Kinga: Adili na Sheria katika Kusadikika na Kidagaa Kimemwozea

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuyaeleza maovu ya viongozi kama upungufu wa tabia, na tiba yake kama malezi. Mtawala fisadi hakufunzwa utu; kizazi kikifunzwa vyema, nchi itapona. Usomaji huo una mashiko, kwani fasihi ya Kiswahili imekuwa chombo cha maadili tangu zama za tendi. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert na Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, riwaya zinazosomwa mara nyingi kwa mkabala huo, zinaonyesha pia mahali tiba hiyo inapokomea.

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mapendekezo ya kuiendeleza nchi, kisha wote wakaishia kifungoni. La kuzingatiwa ni kwamba Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini hawana kasoro ya tabia. Ni waaminifu na wavumilivu. Elimu ya maadili haina cha kuwaongezea. Walichokosa ni kinga: waliowatuma ndio waliowahukumu, na hapakuwa na wakili wa kuwasemea. Hoja ya Karama, basi, si kwamba Kusadikika haina watu wema, bali kwamba wema wao hauna ulinzi mbele ya wenye mamlaka.

Hitimisho la riwaya linaidhoofisha hoja hiyo. Karama na wajumbe wanaachiwa kwa amri ya mfalme aliyeguswa na utetezi. Sheria iliyopiganiwa siku sita inaingia nchini kwa hisani ya mtu mmoja, na aliyetoa hisani anaweza kuiondoa. Anayemsoma Shaaban Robert kama mwalimu wa maadili huegemea hitimisho. Anayemsoma kama mkosoaji wa utawala wa kiimla huegemea kesi. Riwaya yenyewe inabeba yote mawili bila kuyapatanisha.

Walibora anaanzia palipo na ugumu huo. Kwa Shaaban Robert, majina ya kimajazi huifunga tabia: Majivuno hawezi kujifunza unyenyekevu, kwa kuwa jina limekwisha kumhukumu. Mbinu hiyo, inayodhaniwa kuhudumia mafunzo ya maadili, kwa kweli inayanyima nafasi. Mtemi Nasaba Bora anaitwa kinyume chake. Jina linaahidi ubora wa ukoo, ilhali ardhi aliyonayo aliipata kwa hati za kughushi. Msomaji hawezi tena kuliamini jina. Analazimika kuuliza habari za hati. Uovu unahama kutoka moyoni mwa mtu kwenda katika karatasi, ofisi na mihuri.

Hata hivyo, riwaya inamweka Madhubuti, mwana wa Mtemi, kuwa tumaini. Anaikataa kazi iliyopatikana kwa ushawishi wa baba yake na kushirikiana na Amani kuufichua uovu wa nyumbani kwake. Hapa kuna pengo. Ikiwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, uadilifu wa Madhubuti umetoka wapi? Riwaya inatuonyesha tunda bila kutuonyesha mti uliolizaa. Aidha, wema wa Amani haumwepushi na kifungo cha kusingiziwa, na Mtemi anamalizikia kwa kujinyonga. Hakuna mahakama inayotoa hukumu kamili juu ya dhuluma yake.

Riwaya hiyo ilitoka miaka 2 baada ya Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo sura yake ya sita inahusu uongozi na uadilifu. Katiba hiyo inajaribu kuufanya uadilifu kuwa sharti la cheo badala ya sifa ya kutumainiwa. Ndilo ombi la Karama kwa lugha nyingine. Kwa hiyo, kuzifundisha riwaya hizi kwa kuorodhesha sifa za wahusika wema na wabaya ni kuliacha nje swali lao zito zaidi. Maadili humfanya Madhubuti aikatae kazi ya upendeleo. Hayaizuii kazi hiyo kupewa mwingine.