"Baada ya Taratibu za Viza Kukamilika..."

Kuna sentensi moja ambayo nikiikuta katika mswada wa safari huwa naweka kalamu chini. Huja kwa sura mbalimbali lakini ukoo wake ni mmoja: baada ya taratibu za viza kukamilika, safari yetu ilianza. Hapo basi linaunguruma, jua linachomoza, mlima unaonekana kwa mbali umevaa kofia ya theluji, na msomaji anapelekwa hadi Cairo kana kwamba bara hili ni kiwanja cha mchangani kisicho na uzio.

Sasa ndugu mtunzi, hizo taratibu zilikuwaje? Nani alikaa dirishani? Ulivaa nini siku hiyo? Uliazima shati la nani? Mwenzetu anaruka yote hayo kwa maneno sita, halafu anatumia kurasa tatu kuelezea machweo ya jua ambayo hata aliyebaki Manzese anayaona bure.

Naomba tuitazame kasoro hii kwa makini, maana si ya mtu mmoja. Ni ya fasihi yetu ya safari nzima, hiyo kidogo tuliyo nayo.

Chukua kijana wa Dar es Salaam mwenye paspoti ya Tanzania anayetaka kuvuka bara kwa nchi kavu. Akielekea kusini mambo ni mteremko. Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, hadi Afrika Kusini kwenyewe, kwa matembezi mafupi hahitaji viza. Ni muhuri tu pale Tunduma na kuendelea. Safari ya kusini basi ina haki ya kuanza na basi, au na TAZARA. Lakini kijana huyohuyo akigeuza uso kaskazini hadithi inabadilika. Kenya anapita. Ethiopia ni viza. Sudan ni viza. Misri ni viza. Na tangu vita vilipolipuka Sudan Aprili 2023, njia ya Khartoum hadi Wadi Halfa na Aswan, ambayo ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa safari ya Cairo, si njia ya kumshauri mtu.

Ukiwaza kijuujuu utasema: basi si akusanye viza zote nyumbani kabla ya kuondoka? Haiwezekani. Viza ni kama nyanya, huoza. Nyingi hutaka uingie nchini ndani ya miezi mitatu hivi tangu siku ilipogongwa, na msafiri wa nchi kavu huenda kwa mwendo wa malori, mvua na fedha zake mfukoni. Ukiichukua Dar viza ya nchi ya sita, utafika mpakani nayo imekufa. Kwa hiyo nyingine lazima uziombe njiani, katika miji ambako wewe ni mgeni. Na hapo ndipo utaambiwa kwamba ubalozi huu unahudumia wakazi wa hapa tu, rudi ukaombe kwenu. Au utapewa ya mtandaoni kisha ugundue mlango wake ni mmoja. Viza ya kielektroniki ya Ethiopia, kwa mfano, iliwahi kuwa ya kuingilia uwanja wa ndege wa Bole tu. Aliyesimama Moyale na mkoba wake mgongoni ilimfaa nini?

Halafu kuna viza ya kupita njia, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu wa kifasihi. Nchi ya pili haikupi mpaka uoneshe viza ya nchi ya tatu. Ya tatu nayo inataka kujua utatokaje kwake. Kwa hiyo barabara inakwenda mbele lakini makaratasi yanakwenda nyuma: unaanza kufikiria nchi ya mwisho, unarudi ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo, mpaka unajikuta upo chumbani kwako Sinza ukihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Huo ni msuko mzima, bwana! Watunzi wetu wanahangaika kutafuta mbinu rejeshi kwenye vitabu vya nadharia, kumbe imelala ndani ya paspoti.

Watu wa kale waliliona jambo hili vizuri kutuzidi. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia kituo cha Qatya katika jangwa la Sinai, kati ya Misri na Shamu. Hakuna aliyepita bila hati. Njia wamekabidhiwa Mabedui wailinde, na usiku ukiingia wanausawazisha mchanga usibaki na alama hata moja. Asubuhi mkuu wa mahali anakuja kuutazama. Akiona wayo, Mabedui wanatumwa wakamlete mwenyewe. Fikiri mzee huyu ameona mangapi katika miaka karibu thelathini ya kutembea, masultani kwa mawaziri, na bado alipokaa Fez kusimulia, kitabu kikakamilika mwaka 1355, hakuusahau mchanga ule. Alijua kwamba mpaka una mbinu zake, na mbinu ni hadithi.

Wa siku zetu niliyetaka tumjadili ni Paul Theroux, Mmarekani, katika Dark Star Safari kilichotoka mwaka 2002. Huyu si mgeni kabisa kwetu. Alifundisha Malawi, akafundisha Makerere miaka ya 1960, na anajua kuwa neno safari kwetu ni kuondoka tu, si lazima simba. Anakwenda Cairo hadi Cape Town, na mwanzoni kabisa anakwama. Viza ya Sudan haitoki. Anakwenda ubalozini, anaambiwa subiri, anarudi, anaambiwa bado. Theroux hakuliruka hilo. Analifanya kuwa mlango wa kitabu, na katika kungoja anapata nafasi ya kuiona Misri. Kama fundi, namvulia kofia.

Lakini mhakiki hatakiwi kuvua kofia akasahau kuivaa tena. Kungoja kwa Theroux ni kungoja kwa mtu ambaye mwisho wake unajulikana. Ana paspoti inayofungua milango mingi, ana fedha za hoteli, na akichoka sana yuko tayari kupanda ndege, kama alivyoruka vipande kadhaa. Kwake kunyimwa viza ni kioja, tena kioja kitamu kwa sababu kimemgeukia mtu asiyezoea kunyimwa. Ukitazama vizuri ucheshi wote wa sura zile unatoka hapo. Mpe kijana wa Temeke dirisha lilelile, majibu yaleyale, ucheshi utakauka, maana kila siku ya kungoja inakula nauli. Baadaye Theroux anapanda lori la ng'ombe kutoka Moyale na kufyatuliwa risasi na majambazi njiani, naye anasimulia vizuri sana. Ila hatari ya risasi humpata yeyote aliye ndani ya lori. Hatari ya dirisha huchagua mtu, na kitabu kile hakiulizi inachaguaje.

Mwenye kuijibu hoja hii bila kujitangaza ni Tété-Michel Kpomassie wa Togo. Alikuwa kijana tu alipokuta kitabu kuhusu Greenland katika duka mjini Lomé, akasema nitakwenda huko. Alifika mwaka 1965. Ilikuwa imemchukua miaka kama minane! Afrika Magharibi, Ulaya, kufanya kazi hapa, kukaa pale, kusogea. Kitabu chake, L'Africain du Groenland, kilitoka mwaka 1981. Wengi hukisifu kwa barafu na mbwa wa kukokota, na ni kweli sehemu hizo ni nzuri. Mimi nawaomba vijana wanaoandika wakisome kwa ajili ya ile miaka minane. Pale msafiri si mtalii wala mkimbizi. Ni mtu mwenye hamu, na hamu hiyo inalipiwa kwa umri. Sijaona kwa Kiswahili kitabu chenye subira ya namna hiyo.

Kwetu tuna nini? Tuna masimulizi ya Salim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, yakachapwa na Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Mswahili kaona theluji ya Siberia kabla babu zetu hawajazaliwa, jambo la kujivunia, ila alipita milango akiwa nyuma ya bwana. Tuna Kusadikika ya Shaaban Robert, ambamo wajumbe sita wanakwenda pande sita, mpaka mbinguni na ardhini, na wanakamatwa si waendako bali warudipo kwao. Hilo nalo ni wazo kali kuhusu mipaka, lakini ni istiara. Halafu tuna wazamiaji.

Miaka ya 1990 vijana wa mijini walisafiri kwa kuzamia meli. Hata neno msela, wanasema, ni baharia aliyechakachuliwa na mitaa. Mzamiaji alikuwa na jibu lake kuhusu viza: haihitajiki. Na vijiwe vilimpa heshima ya shujaa. Tatizo la hadithi hizo, ambazo bado zinaandikwa, ni kwamba shujaa hana karatasi hivyo mtunzi naye anajiona hana haja ya kuzijua karatasi. Tunabaki na makundi mawili. Wale waliopata viza hawasemi waliipataje, na wale wasio nayo wanajigamba hawakuihitaji. Yule wa katikati, aliyeomba, akanyimwa, akaomba tena, ambaye nadhani ndiye wengi wetu, hana hadithi.

Akiandikwa, huandikwa vibaya. Afisa wa ubalozi anakuwa shetani mwenye miwani, mwombaji malaika mwenye bahasha ya kaki, kisha kilio. Hiyo si fasihi, ni malalamiko yenye aya. Afisa yule naye ana foleni ya watu mia, ana mkubwa wake, ana sekunde chache za kuamua kama nyumbani kwako kuna kitu cha kukurudisha. Mwandike hivyo atatisha zaidi.

Na itazameni fomu yenyewe kama matini. Kuna mstari unaosema sababu ya safari, na nafasi iliyoachwa ni kama urefu wa kidole. Hapo mtu mwenye sababu kumi na mbili, upendo, njaa, udadisi, ugomvi na baba mdogo, anatakiwa aandike neno moja: matembezi. Kisha taarifa ya benki, ambamo wengine huazimana fedha zikalala kwenye akaunti wiki mbili kisha zikarudi kwa wenyewe. Barua ya mwaliko. Ratiba ya hoteli ambazo hutalala. Kadi ya homa ya manjano, ambayo tangu mwaka 2016 inakubalika kwa maisha yote, karatasi pekee katika mkoba ule isiyooza. Ukiyapanga yote mezani una riwaya ya barua tayari, na mhusika mkuu ndani yake ni mtu wa kubuni: wewe, lakini tajiri kidogo, usiye na shaka, mwenye kurudi. Vijana wengi wanaosema hawajawahi kutunga wametunga hapo.

Nimalizie na lugha, maana naona ndipo tatizo lilipojificha. Kiswahili kinasafiri kwa -ka-. Tukaondoka, tukafika, tukalala, tukaamka. Ni kiambishi chenye magurudumu, kila msimuliaji wa safari hukipanda bila kufikiri. Viza haitaki -ka-. Hakuna kinachofuatana. Nafsi ya viza ni -ja-: haijatoka, hajasaini, hawajajibu, bado hajarudi kutoka mapumziko. Na hu-: huja Jumanne, hufungua saa tatu, hutaka picha mbili. Mtunzi aliyezoea -ka- akifika dirishani anakuta hana injini, ndiyo maana anakimbilia ile sentensi yake na kuruka. Si uvivu tu. Hajajifunza kusimulia jambo ambalo halijatokea.

Wakubwa wamejaribu kutuondolea somo hili. Mwaka 2016 Kigali ilizinduliwa paspoti ya Afrika, wa kwanza kupewa wakiwa Rais Kagame na Rais Déby. Mwaka 2018 Addis Ababa ukapitishwa mkataba wa watu kutembea huru barani, ukahitaji nchi 15 ziuridhie, na miaka ilivyopita walioridhia wakawa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hata Dangote mwenye mabilioni alisimama Kigali mwaka 2024 akilalamika kuwa anahitaji viza 35 kutembea Afrika. Watu walicheka ukumbini. Mimi niliwaza tu kuwa tajiri huyo ana karani wa kumjazia fomu, na kwamba karani huyo, kama anaandika, ana kitabu.

Basi miswada inayokuja ya safari, tunaomba ile nusu iliyoruka. Andikeni foleni. Andikeni siku ya tisa ya kungoja katika mji usio wenu, fedha zikipungua, mnakula mkate na chai kwa mama wa genge ambaye sasa anawajua kwa majina na anauliza kila asubuhi, vipi wanangu, imetoka? Haijatoka, mama.