Akiba ya Mshono

Mwezi uliopita mteja mmoja alirudi karakanani kwetu Magomeni na gauni tulilomshonea miaka saba iliyopita. Wakati ule alikuwa msichana. Sasa ni mama wa watoto wawili, na gauni linambana kifuani na kiunoni.

"Shikamoo mama," alimwamkia fundi wetu mkuu. "Nimekuja kuuliza kama hili linaweza kuachiwa, au nimpe mdogo wangu."

"Marahaba mwanangu. Lete tulione."

Fundi akaligeuza ndani nje, akapitisha wembe kwenye nyuzi za ubavuni. Mshono ukafunguka taratibu, na humo ndani mlikuwa na ukanda wa kitambaa, inchi moja na nusu kila upande, bluu iliyokolea kama siku kilipotoka kwenye jora. Nje, jua na sabuni vilikuwa vimelichujua gauni lile. Ndani, rangi ilikuwa bado inamngoja mwenyewe.

Sisi ukanda ule tunauita akiba, na akiba hiyo ndiyo biashara yetu yote. Anayeshona mbio huacha sentimita moja, akaifungia kwa ovaloki. Anapata nguo nyingi zaidi katika jora moja, lakini siku nguo ikibana, maisha yake yameishia hapo. Sisi tunalaza ndani kitambaa ambacho tungeweza kukiuza. Kabla ya kukata tunakiloweka na kukianika kivulini, ili kama ni kurudi, kirudie kwetu, kisirudie mwilini mwa mteja. Tunakata kwa kufuata uzi, tunapinda pindo kwa mkono, na kifungo cha ziada tunakishonea kwa ndani. Gauni moja huchukua siku mbili.

Muda nao unataka akiba. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji wa nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa, lakini washonaji waliamriwa kurudi kwenye vyerehani, maana oda zilikuwa na tarehe zake. Katika kazi ile hapakuwa na akiba hata ya siku moja. Kila mteja anapoingia na kitambaa akitaka nguo ya kesho asubuhi, mimi huwakumbuka watu wale, nami humwomba asubiri. Mafundi wetu watano wanalipwa kwa mwezi, hawalipwi kwa kipande. Mgonjwa anapumzika, na anayejifunza anafumua alipokosea bila kuona chakula cha wanawe kikifumuka pamoja na uzi.

Najua bei yetu ni nzito. Kwa fedha ya gauni letu moja, mtu atatoka soko la Karume na mfuko mzima wa mitumba, wala sina neno la kumlaumu. Mitumba imetuvisha na kutusomesha wengi. Ndiyo maana tunapokea malipo kidogo kidogo, na kuachia au kubana nguo tuliyoishona wenyewe hatutozi kitu.

Gauni la mteja yule lilipokamilika, mistari miwili ya bluu iliyokolea ilishuka ubavuni mwake kutoka kwapani hadi chini. Fundi alitaka kuifunika kwa lasi. "Iache hivyo hivyo, mama," mteja akasema. "Watu waone lilivyokuwa." Akaondoka amelivaa.

Nawe msomaji, siku utakapokwenda kununua nguo, usiishie kuitazama ilivyoning'inizwa. Igeuze ndani nje, shika mshono wa ubavuni kwa vidole viwili, upime akiba yake. Kisha muulize anayekuuzia: aliyeishona amelipwa shilingi ngapi? Aliyemlipa fundi vizuri hujibu swali hilo bila kuinamisha macho.