Yanayofichwa na Mabano: Jina na Mwaka katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Mfumo wa kutaja marejeleo kwa jina la mwandishi na mwaka umeenea katika tasnifu na makala za uhakiki wa Kiswahili, na manufaa yake ni dhahiri: msomaji halazimiki kuiacha hoja ili asake tanbihi chini ya ukurasa. Hata hivyo, mfumo huu umejengwa juu ya dhana mbili, kwamba kila mwandishi ana jina la ukoo, na kwamba kazi huzaliwa mwaka inapochapishwa. Katika fasihi ya Kiswahili dhana zote mbili zina walakini.

Suala la jina ni jepesi. Wazanzibari wawili, Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Utengano (1980), na Mohamed Suleiman Mohamed, mtunzi wa Nyota ya Rehema (1976), huwa "Mohamed" mmoja ndani ya mabano. Herufi za mwanzo za majina yao hutosha kuwatenganisha. Asiyeziandika humtwika mmoja mtindo wa mwenziwe.

Mwaka ndio wenye madhara. Shaaban Robert aliandika Kufikirika mwaka 1946, akafariki 1962, na kitabu kikachapishwa 1967. Mabano ya (Robert 1967) yanamridhisha mkutubi. Lakini huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha, na mwanafunzi asiyejua zaidi ya mabano anaweza kuisoma kazi hiyo kama mwangwi wa siasa ya ujamaa, ilhali iliandikwa Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kuandika (Robert 1967 [1946]) hugharimu tarakimu nne tu.

Kisa cha Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, ni kizito zaidi. Tungo zake zilidumu vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, alipozikusanya na kuzifafanulia kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikafika London, William Hichens akazihariri na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, M. H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa uchambuzi wake mwaka 1979. Ubeti mmoja, basi, umepita mikononi mwa watu watano. Anayeandika (Hichens 1940) amemtaja mhariri, na anayeandika (Abdulaziz 1979) amemtaja mchambuzi. Muyaka mwenyewe atatajwa angalau katika sentensi. Sikujua hana mabano wala nafasi katika orodha.

Hili si suala la adabu pekee. Mhakiki anapoeleza tukio lililozaa shairi fulani au maana ya neno lililokwisha kusahaulika, huenda anayemtegemea ni Sikujua. Akitajwa Hichens peke yake, ushahidi wa Mmombasa wa karne ya 19 hugeuka kuwa maoni ya Mwingereza wa karne ya 20, na msomaji hana tena njia ya kuupima.

Kosa hilohilo hurudiwa kwa urahisi na mtafiti wa fasihi simulizi mwenye kinasasauti. Chukua mfano wa ngano inayosimuliwa na bibi wa Kinubi huko Kibera. Ikishachapishwa, itanukuliwa kwa jina la mtafiti na mwaka wa chapisho, na bibi atakuwa amepatwa na yaliyompata Sikujua. Marejeleo ya haki yatamtanguliza msimulizi, kwa jina lake akiridhia au kwa alama ya siri asiporidhia, kisha siku ya masimulizi, kisha mahali, na mwisho aliyerekodi. Na mahali pasiwe "Nairobi" tu. Ngano iliyosimuliwa sebuleni katika nyumba ya mawe ya mtaa wa Ayany haikuwa na hadhira ileile ya ngano iliyosimuliwa uani, hatua chache kutoka hapo, kati ya nyumba za mabati, na msimulizi huipunguza au kuirefusha ngano yake kwa kuwatazama waliomzunguka.