Isije Ikawa Pagala

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, huja mzee mmoja dukani kwetu kununua mfuko wa saruji. Mfuko mmoja. Ni mlinzi wa usiku. Anapitia kwetu akitoka lindo, macho mekundu, baiskeli kaiegemeza kwenye nguzo. Duka letu ni la vifaa vya ujenzi, pembezoni mwa Dar es Salaam, nami ndiye mtunza stoo na mwandika hesabu, kwa hiyo risiti yake hupita mkononi mwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe ule ule."

Siku moja nilimwuliza kwa nini asidunduize miezi sita, akanunua mifuko sita kwa mpigo, akaita fundi, kazi ikaonekana. Alinitazama kwa huruma kidogo.

"Hela ikikaa ndani, mwanangu," akasema, "wagonjwa wanapata habari."

Nilicheka, nikamwandikia risiti yake. Kicheko kilinikatika jioni, nimesimama ndani ya daladala, kiwiko cha mtu kikiwa mbavuni. Maana mimi ni mwandishi wa riwaya, na wakati huo nilikuwa na mapagala mawili.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa pagala ni nini. Kila mtaa unalo: nyumba iliyofika kwenye lenta ikaachwa, mwarobaini umeota sebuleni, watoto wanacheza kombolela humo mchana, na usiku watu wanapita upande wa pili wa barabara. Pagala langu la kwanza lilifika sura ya sita. La pili lilifika sura ya kumi na moja, na ninapolikumbuka bado naona haya, kwa sababu lilikuwa jema. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokosa kisa. Yalikufa kwa kungoja likizo.

Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Nilikuwa nazihesabu siku hizo kama mzee angeihesabu mifuko ishirini na minane ya saruji. Nitaandika kurasa tano kila siku, nikajiambia. Mwezi ukiisha nina kurasa mia moja arobaini. Hesabu ni kazi yangu, na hesabu ilikubali. Mwaka wa kwanza, siku ya tatu ya likizo, simu ikalia kutoka Muheza: shangazi amefariki. Mwaka wa pili kulikuwa na harusi ya mdogo wangu, na kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa mahesabu", nilifanywa mweka hazina wa kamati. Aliyewahi kushika daftari la michango ya harusi anajua kwamba hapo hakuna riwaya itakayoandikwa.

Mwaka wa tatu ndio ulionifundisha. Likizo ilikuja salama. Watoto walikwenda kwa bibi yao, mume alikuwa safarini, nyumba kimya mpaka nikasikia friji inavyopumua. Nikafungua sura ya kumi na mbili. Siku nne nilikaa mezani, na siku ya nne nikakiri kwamba yule mwanamke niliyemwandika simjui tena. Sikumbuki anaongeaje. Nilikuwa nimemwacha mlangoni miezi mitano, mkono kwenye kitasa, na sasa hata mimi sikujua alikuwa anaingia au anatoka. Boma likishapigwa na masika matatu bila paa, fundi mwenye akili hapandi juu kuendelea alipoishia. Anang'oa kozi za juu kwanza. Mimi sikuwa na moyo wa kung'oa. Nikalifunga daftari, nikalala siku zilizobaki.

Nilikosea wapi, stoo yangu ingeweza kuniambia siku nyingi. Saruji haipendi kungoja. Unaipanga juu ya mbao isiguse sakafu, unaiweka mbali na ukuta, unaifunika, na bado ikikaa mno kwenye unyevu inaganda. Unabaki na jiwe lenye nembo. Mzee wa baiskeli anaununua mfuko wake Jumamosi na Jumapili umeshaingia ukutani. Hamu ya kuandika nayo ni hivyo hivyo. Nilikuwa naitunza kwa uangalifu mkubwa ndani ya likizo ijayo, na kila nilipokwenda kuichukua nilikuta jiwe.

Sasa naamka saa kumi na nusu. Sitamwambia mtu kwamba ni raha. Naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku la kwaya tatu, ukurasa mmoja, kozi moja ya tofali, mpaka saa kumi na mbili kasoro, maana baada ya hapo kuna chai, sare za shule na foleni. Kurasa za mwisho za kaunta buku nimezipiga mistari kama leja ya stoo: zilizoingia, zilizotoka, salio. Jumatatu imeingia moja. Jumanne imeingia moja. Jumatano haikuingia hata moja, mtoto alikuwa na homa. Alhamisi zimetoka tatu. Mwanzoni Alhamisi za namna hiyo zilinivunja moyo, hadi nilipokumbuka ninavyoliona jambo hilo hilo nikiwa kazini: stoo ambayo vitu vinaingia tu bila kutoka, hapo hakuna biashara. Leja imenisaidia kuliko ushauri wowote wa kutafuta ari. Haijali kama nimeamka na ari au la. Inataka kujua salio.

Kilichonituliza zaidi ni kugundua kwamba ujenzi huu wa mfuko mmoja mmoja ndio uliojenga sehemu kubwa ya nyumba ya fasihi yetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani karibu na Tanga, alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akiwa kijana mdogo, akakaa huko hadi 1944, kisha akahamishiwa ofisi nyingine za serikali ya kikoloni, ya wilaya na ya upimaji zikiwamo. Kusadikika ilipotoka mwaka 1951, mwandishi wake alikuwa bado na kiti cha ofisi cha kukalia asubuhi. Mtu aliyeshinda siku nzima akiandika barua za wakubwa alirudi nyumbani akaandika kisa cha nchi ambayo wajumbe wake hutupwa gerezani kwa sababu ya habari walizoleta. Halafu kuna Utubora Mkulima, iliyochapishwa baada ya kifo chake cha 1962: mtu anaiacha ajira yake, anakwenda kulima, na anakataa kurudi hata akibembelezwa. Siwezi kuisoma bila kutabasamu. Naona karani anayempa mhusika wake barua ya kuacha kazi ambayo yeye mwenyewe hakuiandika.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alianza na ukaguzi katika idara ya afya, akaingia kwenye magazeti, na kuanzia 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Fikiria: mchana mbegu na mbolea, usiku mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la hadithi la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata baba. Sidhani kama miaka ya ukaguzi ilipotea bure. Mkaguzi wa afya hulipwa kwa kuingia ua wa watu na kuona kile ambacho wenye nyumba wamekizoea. Hiyo ni nusu ya kazi ya mpelelezi, na ni robo tatu ya kazi ya mtunzi.

Lakini hapa hoja yangu ina ufa, na heri niuonyeshe mwenyewe. Abdulla alistaafu mwaka 1968. Mwaka huo huo ikatoka Kisima cha Giningi, kisha Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Kuanzia 1973, miaka minne, vitabu vinne. Miaka kumi ya uhariri haikumpa mavuno kama hayo. Anayesema kazi ya mchana haimnyang'anyi mwandishi kitu, ama ana mtumishi nyumbani ama hajui kuhesabu. Inanyang'anya sana. Ninachoweza kusema ni kwamba Abdulla hakuanza kujenga siku aliyostaafu. Bwana Msa alikuwa ameshakaa naye miaka kumi.

Nimemtaja mtumishi kwa sababu. Anthony Trollope, Mwingereza aliyefanya kazi posta miaka 33 huku akiandika riwaya, alikuwa akikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Nilijaribu wiki moja. Nilipata maneno mengi mno na watu wote walikuwa wanazungumza kama tangazo la mnada. Baadaye ndipo nikasoma kwamba Trollope alikuwa akimlipa mzee wa zizi paundi 5 za ziada kwa mwaka amwamshe, na kahawa ilikuja. Mimi anayeniamsha ni muadhini, na hanidai kitu, lakini kahawa haleti. Kwa hiyo ninayemkumbuka jiko linapogoma kuwaka ni Toni Morrison. Alikuwa mhariri katika shirika la vitabu New York, akilea wana wawili peke yake, naye akiandika kabla hawajaamka. The Bluest Eye ilitoka mwaka 1970, yeye akiwa na miaka 39.

Basi na duka nalo linalipa kwa namna yake, nje ya mshahara. Sijawahi kukaa darasani nikafundishwa kuandika mazungumzo, ila kwa miaka tisa nimesikiliza watu wakiomba kupunguziwa bei. Hakuna anayesema "naomba unipunguzie kwa kuwa sina fedha." Mmoja anaanza na afya ya mama yako. Mwingine anasifia jirani yako anayeuza nafuu. Mwanamke mmoja alikaa kimya mbele ya nondo za milimita 12, akazigusa moja moja kama anachagua papai, akatoka. Kesho yake akaja mumewe akanunua zote bila kuuliza bei, na mimi nikajua nimepewa sura nzima bure. Katika pagala langu la kwanza watu waliongea kama wasomaji wa taarifa ya habari. Siku hizi wanazunguka. Wanauliza bei ya misumari wakati wanataka kujua kama binti wa mwenye duka ameolewa.

Jambo jingine nililojifunza kwa mafundi ni maji. Zege likishamwagwa, mwenye haraka anadhani kazi imekwisha. Fundi wa kweli anarudi kulimwagilia siku kadhaa, asubuhi na jioni, vinginevyo jua linalipasua. Nami sura ikiisha siiachi, wala siigusi kwa kalamu. Naisoma kwa sauti ya chini jioni, watoto wakiwa kwenye katuni, siku tano au sita mfululizo. Siku ya kwanza naipenda. Ya tatu naichukia. Ya sita naanza kuona nyufa zilipo, na nyufa ni chache kuliko nilivyoogopa.

Fedha? Sitadanganya. Riwaya ya Kiswahili humlipa mwandishi wake vizuri pale inapoingia shuleni, na si kila riwaya ina adabu ya kuingia shuleni. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, aliyoichapisha mwaka 1971, ilipigwa marufuku kwanza. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu wa hadithi fupi miaka miwili, akanijibu kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe ulikuwa na kosa la tahajia. Wapo vijana wanaouza hadithi kwa vipande WhatsApp, sehemu ya saba, sehemu ya nane, itaendelea. Nawaheshimu kuliko wanavyoheshimiwa na maprofesa, kwa sababu msomaji anayekuamsha usiku akidai mwendelezo ni msimamizi mkali kuliko leja yangu. Na zipo tuzo. Ile ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na sasa inaitwa kwa jina la Safal, ilipata jina lake la kwanza kwa wafadhili wake, watengenezaji wa mabati. Niliposikia hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika bati mikononi. Tarehe ya mwisho ya kupokea miswada nimeiandika ukutani, juu ya orodha ya bei. Bosi anadhani ni tarehe ya kodi.

Leo asubuhi salio ni kurasa 143. Yule mwanamke ameshafungua mlango, alikuwa anatoka.

Mzee alikuja Jumamosi. Ameshafunga lenta, akaniambia, ila hakuwa na sauti ya kujisifu. Aliuliza bei ya bati la geji 30, nikamtajia. Aliguna, akageuka kuliangalia bati lenyewe, akapiga kwa kucha kusikia linavyolia.

"Haya," akasema. "Nipe ule ule."